Naomba ushauri: uwanja wetu wa mtaani wapisha zahanati

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, upande wa Muyeye, nafundisha vijana mpira jioni. Juzi tumeambiwa barazani kwamba kwenye uwanja wetu patajengwa zahanati, nasi tutapewa kiwanja kingine huko nyuma kabisa.

Zahanati twaitaka, tena sana. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku hapa kwetu ni kuhangaika kutafuta tuktuk. Linalonikosesha usingizi ni hicho kiwanja kipya. Nimekwenda kukiona mwenyewe: mawe ya matumbawe yamechomoza kila mahali, makali kama wembe, na vijana wengi wacheza miguu mitupu. Mmoja alijaribu kukimbia akapasuka kisigino. Hapa tulipo pana mchanga na mwarobaini mkubwa, watoto wakipumzika kivulini kuna mama awauzia viazi karai vya ukwaju. Na wasichana, ambao ndio kwanza wameanza, wazazi hawatawaruhusu kuvuka barabara kubwa giza likiingia.

Najua Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaipa ofisi siku 21 kujibu ukiomba nyaraka kwa maandishi. Barua nimeshaianza. Je, niombe nini hasa: ramani, hati ya ardhi, au ahadi iliyoandikwa kwamba kiwanja kipya kitasawazishwa kabla ya uwanja huu kufungwa? Mliopitia haya, mlianzia kwa nani?