Seli za kishungi cha neva zinashika tu, hazihami: tatizo ni fibronektini?

mrija_mpya:
Wadau, naotesha mirija ya neva (chanzo cha ubongo na uti wa mgongo) ya kiinitete cha kuku, saa 48, sehemu ya kiwiliwili, nione seli za kishungi, zile zinazotoka kwenye mrija na kuhama. Natenganisha somaiti (vipande vya tishu pembeni mwa mrija) kwa kimeng'enya cha dispesi, kisha naweka mrija kwenye kioo kilichopakwa fibronektini (protini ambayo seli hushika) mikrogramu 50 kwa mililita na kukaushwa. Seramu ni 10%. Kufikia saa 24 seli chache zimetoka, zimetandaa bapa na hazisogei. Nibadilishe nini?

kiinitete_kuku:
Anza na hiyo 50, ni nyingi. Kasi ya seli huwa juu pale mshiko ulipo wa wastani: ukiwa hafifu haipati pa kujivutia, ukizidi inashindwa kung'oa nyuma. Jaribu 5, 10 na 20 sambamba. Sahani ya milimita 35 inatosha mililita 1, saa 1 kwa nyuzi 37, bila kutikisa, maana fibronektini ikitikiswa hujikusanya kuwa nyuzinyuzi na tabaka linakuwa la mabaka. Usiikaushe hata kidogo: protini hubadilika umbo na sehemu ambayo integrini (vipokezi vya seli vya kushikia) hushika huenda isifikike. Osha, ziba nafasi tupu kwa albumini 1% kwa dakika 30, weka mrija papo hapo.

integrini5:
Naongezea dispesi, ambayo wengi huisahau. Kimeng'enya hicho hukata fibronektini yenyewe, kwa hiyo mabaki yake hula tabaka ulilopaka. Osha mirija mara tatu, iache ipumzike nusu saa kwenye midia (majimaji ya kuoteshea) kabla ya kuipandikiza. Usikimbilie EDTA kukizima. Integrini zinahitaji magnesi na kalsi, na EDTA huyanyakua madini hayo.

Seramu nayo ina fibronektini na vitronektini (protini nyingine ya kushikia) zake, kwa hiyo kwa 10% hujui seli inatembea juu ya nini. Ipunguze au iondoe. Kipimo cha peptidi GRGDSP (huzuia integrini kushika) dhidi ya GRGESP (ya kulinganishia, haizuii) ni kizuri, ila hakitofautishi fibronektini na vitronektini, kwani zote zina RGD, kipande ambacho integrini hushika. Weka pia sahani yenye albumini pekee: seli zikihama humo, basi midia ndiyo inayoleta protini za kushikia.

mrija_mpya:
Asanteni. Na kuna mrija ambao seli zimetoka upande mmoja tu?

kiinitete_kuku:
Angalia kama notokodi (fimbo ya tishu chini ya mrija) imebaki imegandia. Matriksi (utando wa nje ya seli) inayoizunguka ina proteoglikani za kondroitini salfeti, aina ya protini zenye sukari, na seli za kishungi huzikwepa. Mabaki ya nusu ya nyuma ya somaiti pia hufukuza seli hizo; kwenye kiinitete zenyewe hupita nusu ya mbele.

jeli_3D:
Ukitaka kuhamia kwenye jeli ya kolajeni I (protini ya nyuzinyuzi): mikrolita 500 za kolajeni ya miligramu 3 kwa mililita, 100 za bafa yenye ukolezi mara 10, takriban 11 za NaOH ya mola 1, maji hadi 1000. Yote kwenye barafu, pH 7.2 hadi 7.4, halafu nyuzi 37 kwa dakika 30. Ikibaki na asidi haigandi vizuri, na mrija unazama hadi chini, kisha unadhani seli zinapenya jeli kumbe zinatembea kwenye plastiki. Pima kina kwa hadubini. Zikikwama zikiwa na vidole virefu mbele, mara nyingi ni kiini kisichopita kwenye matundu. Igandishe kwa joto la chini zaidi, nyuzi huwa nene na matundu makubwa.