Uliyewahi kwenda nje kwa programu za kubadilishana vijana, njoo tupeane uzoefu

Dagaa wa Kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Jana usiku nimemkuta mpwa wangu sebuleni anafunga dagaa kwenye soksi. Kapata nafasi ya mwaka mzima Ujerumani kwa hizi programu za kubadilishana vijana, anaondoka mwezi ujao. Nikacheka mpaka nikakaa chini, kisha nikanyamaza, maana yangu yalinirudia.

Mimi nilipelekwa Würzburg. Watu wa Mwanza mnaelewa, hii miji ni marafiki tangu 1966, mimi hata sijazaliwa. Kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wiki ya tatu msimamizi akaniambia: kesho "halb acht", wazee wanakwenda kutembea mtoni, usikose, wewe ndiye unayemsukuma mzee wa chumba cha mwisho. Nikapiga hesabu zangu. Acht ni nane, halb ni nusu, basi ni nane na nusu ya kwao, yaani kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Nikafika saa mbili na robo, nimechana nywele, najisifu kwamba leo Mwafrika kawahi.

Kumbe Mjerumani akisema "nusu nane" ana maana nusu ya kuiendea nane. Saa moja na nusu! Nikakuta basi linaunguruma, wazee 11 wameketi ndani na makoti yao na kofia zao, wananisubiri dakika 45. Hakuna aliyefoka. Laiti wangefoka. Bibi mmoja wa siti ya mbele aliinua mkono, akaigonga saa yake kwa ukucha mara mbili, akageukia dirishani. Siku nzima nilimsukuma yule mzee kando ya mto Main, mate hayamezeki.

Haya, mwageni ya kwenu. Hasa ile siku uliyotamani kurudi nyumbani kwa miguu.

Baridi ya Makete
"Nusu ya kuiendea nane" 😂😂 Mimi ilinikosesha treni. Naweka kambi hapa.

Wa Kericho
Wacha niwaambie yangu. Nilikuwa na miaka 16, nikapata ile ya Kennedy-Lugar ya kwenda Marekani kusoma mwaka mmoja. Ilianza 2002, baada ya mambo ya Septemba 11, ndio vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wakae na Wamarekani wajuane. Mimi ni Mkristo lakini Kenya imo. Serikali yao inalipa kila kitu, lakini ile familia inayokuweka kwao hailipwi hata senti. Hiyo ndiyo ilinimaliza, kwa sababu nilijua wananilisha bure.

Sasa huko kwetu mgeni akiulizwa kama ana njaa anasema niko sawa. Anaulizwa tena, anasema hapana mama, nimeshiba. Mara ya tatu sahani inaletwa kwa nguvu. Nimefika Iowa, mama mwenyeji akafungua friji akaniuliza kama nataka kukula. Nikasema niko sawa. Akasema "oke" akafunga friji. Nikangoja ya pili. Haikukuja.

Siku tatu, watu wangu. Asubuhi niko sawa, jioni niko sawa. Shuleni sikujua kutumia kadi ya chakula na niliona aibu kuuliza. Mbwa wao alikuwa anapewa mara mbili kwa siku mbele yangu bila kuulizwa. Usiku wa nne, saa nane hivi, nikashuka ngazi polepole nikatoa mkate, nikawa naula gizani nikiwa nimesimama, bila chochote. Taa ikawaka. Mama mwenyeji amesimama hapo na gauni la kulalia.

Nilidhani atapigia watu wa programu simu nirudishwe kwetu kama mwizi. Yeye ndiye akaanza kulia. Alikuwa ameshamwambia mumewe kwamba huyu msichana anachukia chakula chetu, pengine anatuchukia na sisi. Tulikaa jikoni mpaka kukapambazuka, akapika mayai, nikakula sita.

Kamusi Mtembezi
Kisa kizuri, ila dada, "kukula" ni nini? Ni "kula". Na "haikukuja" ni "haikuja". Tusiharibu lugha.

Wa Kericho
Nimekuambia nililala njaa siku tatu, wewe umeona sarufi?

Kamusi Mtembezi
Nimeyaona yote mawili.

Baridi ya Makete
Huyu Kamusi angekuwa ndiye mama mwenyeji, dada angekufa kwanza ndipo asahihishwe.

Bint Pangani
Wa Kericho umenikumbusha njaa yangu, ila yangu nilitia nia mwenyewe. Hamburg, Ramadhani ya 2016, iliangukia Juni. Wanasema Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, lakini jua lao na letu hawajazaliwa tumbo moja. Kule mwezi wa sita linazama saa nne kasoro usiku. Nimezoea futari saa kumi na mbili na nusu, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, halafu nimekaa peke yangu kwenye kichumba nalitazama jua saa tatu usiku liko pale pale kama limegomea posho.

Nilikuwa chekechea. Watoto waliona sili nao, wakaamua kwamba nimeadhibiwa. Mmoja wa miaka minne alikuwa ananiwekea kipande cha tufaha chini ya mto wa kiti changu, kila siku, anatazama huku na huku kwanza mwalimu asimwone. Nikawa narudi navyo chumbani. Siku kadhaa nilifungua kwa tufaha limeshakuwa la kahawia. Mpaka leo sijui lilikuwa tamu au nilikuwa na njaa.

Mkaa Pembeni
Samahani nitawakera. Mnaita kubadilishana, nani anabadilishana na nani? Wao wakija kwetu wana miaka 18, hawajui kufua soksi, tunawapa darasa wafundishe. Sisi tukienda kwao tuna diploma, tunapewa nepi za wazee. Mwiteni mbuzi kwa jina lake.

Bint Pangani
Nepi si matusi. Nani alikubadilisha wewe?

Dagaa wa Kirumba
Mkaa ana hoja, tusimfukuze. Hii programu ya Wajerumani, weltwärts, ilianza 2008 kwa vijana wao kuja huku. Sisi tulifunguliwa mlango 2013. Miaka mitano walikuwa wanabadilishana na nani, hewa? Ila na mimi niseme: kwenye zile nepi nilijifunza Kijerumani kuliko darasani. Mzee anayeumwa hana subira ya kukungojea utafute kitenzi.

Kapteni Nchi Kavu
Mimi sikwenda kwa Wazungu. Nilikwenda kwa Wajapani, ile meli yao ya vijana wa dunia, Nippon Maru. Watu wanaonea wivu picha. Sijaona bahari, nimeona ndoo.

Chogo la Msamvu
Nimesoma yote nikicheka, na sikutaka kuandika. Ila acha niandike, labda nitalala.

Tulikuwa sita, mwaka mzima, programu na mwaka sitaji. Kati ya sita mmoja tulipanga naye chumba kimoja, nitamwita Jirani. Tulishirikiana sufuria, koti la baridi kali, mpaka laini ya simu. Siku ya kurudi tuko uwanja wa ndege wa Frankfurt, foleni ya mizigo, Jirani akanipa mfuko wake wa mgongoni. "Nishikie, nanunua chokoleti za wadogo zangu." Hata sikugeuka. Nilikuwa napima begi langu kwa mkono, naogopa limezidi kilo.

Foleni ikasogea. Mratibu akaanza kuhesabu, watano. Akahesabu tena. Simu yake haipatikani. Tukatangaziwa jina lake kwenye vipaza sauti mara tatu, kila mara wanalitamka vibaya zaidi. Ndipo nikafungua mfuko. Juu kabisa kulikuwa na karatasi: "Mpe mama. Mwambie nitapiga." Chini zawadi zimefungwa vizuri, kila moja imeandikwa: ya Bibi, ya Mama, za wadogo. Chokoleti zimo tayari. Alishazinunua wiki nzima nyuma, na mimi nilikuwa naye dukani.

Pasipoti hakuiacha.

Ndege sikumbuki. Nakumbuka Dar, saa tisa usiku, ule mlango wa kutokea abiria. Ukoo wake wote ulikuwepo, wamekodi Coaster kutoka mkoani, mashangazi wamevaa sare ya kitenge, kuna mtu na ngoma ndogo. Mama yake ananijua kwa picha. Akanishika mikono yote miwili, akatazama nyuma yangu, akatabasamu. "Mwenzio yuko chooni, eeh?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Baridi ya Makete
Duh.

Wa Kericho
Chogo!! Ukaenda? Ukamwacha amesimama hapo?

Kijiwe Nongwa
Mimi nampongeza huyo Jirani. Kuzamia kunahitaji moyo. Nyie mlirudi na vyeti vya ushiriki mkavitundika ukutani, mmepata nini?

Mpanda Foleni
Pongezi zako kaa nazo. Mimi ndiye kundi lililofuata kwenye programu kama hiyo, kuna mmoja wa waliotutangulia alizamia. Nafasi zilikuwa sita, zikawa mbili. Tulihojiwa mara tatu. Baba yangu, mkulima wa watu, aliitwa kusaini barua mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mwanawe atarudi. Baba hajawahi kusaini kitu kwa ajili yangu, hata ripoti ya shule. Alitetemeka mkono. Wanne walioachwa nawajua, mmoja ni binamu yangu. Mwambie Jirani wako yeye alipanda juu ya mabega ya watu wanne.

Kijiwe Nongwa
Viza iwabane ninyi, kosa liwe la Jirani? Mlaumuni aliyefunga mlango.

Mkaa Pembeni
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kijiwe nusu. Nusu ya kuiendea moja.

Bint Pangani
Msimalizie hasira kwa mtu ambaye hayupo hapa. Chogo, yule mama?

Kamusi Mtembezi
Chogo tafadhali malizia.

Chogo la Msamvu
Nilifika mpaka kwenye teksi. Dereva ameshaweka begi nyuma. Nikarudi.

Uwanja ulikuwa umebaki mweupe, wafagiaji wameanza. Mashangazi wamekaa chini kwenye sakafu, ngoma imelazwa. Yeye alikuwa bado amesimama pale pale, uso kwenye mlango. Nikampa mfuko na karatasi. Aliisoma, nadhani mara nyingi, maana ilikuwa na maneno manne na alichukua muda mrefu. Mimi nasubiri kofi. Nilikuwa nalitaka.

Akakunja karatasi akaitia kwenye pindo la khanga. Akaniuliza, "Wewe umekula?"

Jirani alipiga miezi minne baadaye. Yuko nchi nyingine, yuko hai, ana familia. Siongei naye. Mama yake naongea naye.

Wa Kericho
Nimefunga simu nimefungua tena. Siwezi kuandika kitu.

Kapteni Nchi Kavu
Turudi kwa mpwa kabla hatujalia wote. Dagaa aache, atanyang'anywa na kupigwa faini.

Dagaa wa Kirumba
Hapana Kapteni, huo ni uvumi. Umoja wa Ulaya unazuia nyama na maziwa kwenye mizigo ya abiria. Samaki mkavu wa kula mwenyewe anaruhusiwa hadi kilo 20. Ningekuwa nimeambiwa hili mapema nisingetupa mfuko mzima wa sangara kwenye pipa la chooni.

Wa Kericho
Marekani ni tofauti, andika kwa fomu kila kitu ulichobeba. Ukiandika wanakuchukulia chakula tu. Ukificha ndio shida.

Baridi ya Makete
Makoti asinunue dukani. Aende mtumbani achague zito. Yametoka kwao, anayarudisha tu.

Bint Pangani
Usimsikilize Makete. Koti sawa, ila viatu anunue huko huko. Mimi nilienda na buti za mtumba, barafu ya kwanza nikatua kwa makalio mbele ya kituo cha basi, watu wote kimya, hakuna aliyesema pole. Nilitaka pole tu.

Mpanda Foleni
Asipande treni bila tiketi hata kituo kimoja, ni euro 60. Na chupa za plastiki na makopo asitupe, mengi dukani unarudishiwa senti 25 moja moja. Mwezi wa mwisho nilikula kwa chupa.

Mkaa Pembeni
Ulikula chupa, wakakupa cheti. 😂

Kamusi Mtembezi
Mimi nasema aende bila matarajio.

Kijiwe Nongwa
Mimi nasema aende na matarajio mawili.

Dagaa wa Kirumba
Kijana amekaa hapa pembeni kasoma kila kitu. Alipofika kwa Chogo aliinuka akaenda nje. Amerudi, ametoa dagaa kwenye soksi, anawapanga upya kwenye mifuko ya nailoni, haongei.

Mgeni Rasmi 31
Wakuu habari za jioni, sijasoma uzi wote. Naomba utaratibu wa kutuma maombi, nina miaka 31.

Mpanda Foleni
Weltwärts mwisho ni 28. Jaribu ya Wanorwe, Norec, wale wanachukua hadi 35. Ila rudi nyuma usome alichoandika Chogo, kisha ndio uombe.