MJADALA: Dada anayemhudumia mgonjwa nyumbani, afue na nguo za familia?

Mtoa mada: Mzee akitoka hospitali ya Bugando hapa Mwanza na kiharusi, ndugu wanatafuta dada wa kumhudumia. Wiki ya kwanza anamgeuza mgonjwa, ya pili anakabidhiwa jiko, ya tatu anafua sare za shule. Nasema kazi yake iishie kwa mgonjwa. Asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa 2. Anayelishwa kwa mpira wa puani anainuliwa kichwa nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo nusu saa au zaidi baada ya kula, la sivyo uji unarudi juu na kuingia mapafuni. Uji wenyewe uchujwe, kisha mpira upitishiwe maji kama mililita 30. Ukisahau, uji unagandia ndani, mpira unaziba, mnaanza kutafuta bajaji ya kurudi hospitali.

Wa Buhongwa: Mkuu, nani ana mshahara wa watu wawili? Kati ya kugeuza na kugeuza kuna saa nzima na ushee. Jiko liko palepale, akisonga ugali wa wote kuna ubaya gani?

Muuguzi mstaafu: Ubaya upo. Nyumba za juu ya mawe, Mabatini au Igogo, maji yakikatika ndoo ya lita 20 inapandishwa kichwani. Saa 2 zinakuwa 4 bila mtu kujua. Kidonda cha kulala kinaanzia kisigino, nyonga na juu ya matako. Vitabu vinasema tafuta wekundu usioondoka ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi usiungoje huo, papasa. Mahali pa moto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, usimlazie tena hapo. Kikishafumuka, ndugu wanasema dada mzembe. Walimtuma sokoni wao!

Wa Kirumba: Mnagombania kufua, usiku hamuutaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Anayeishi kazini yanaweza kushuka hadi 8, kwa makubaliano ya maandishi. Sasa nionyesheni saa 8 mfululizo kwa mtu anayeamka kila saa 2. Hazipo. Zamu ya usiku ni ya ndugu.

Wa Buhongwa: Ndugu wanaamkia kazini.

Wa Kirumba: Na yeye je? Wapangiane siku. Daftari liwe moja kitandani: saa, upande aliolazwa, alichokula, mkojo, dawa. Na msemaji wa familia awe mmoja, maana mwana wa Dar anaagiza kwa simu, shangazi naye analeta chupa yake ya mizizi.

Mtoa mada: Usiku nakubali. Shuka za mgonjwa na chakula chake, afanye. Sare za shule, hapana.

Wa Buhongwa: Na maji?

Mtoa mada: Ya mgonjwa ateke. Ya kuoga shemeji, shemeji ana miguu.