Tumenunua karavani ya kuvuta na gari, umeme na maji vinaunganishwaje kambini?

Mama Watatu wa Kinyerezi

Habari za jioni wadau. Naombeni msaada, na mnivumilie kwa urefu.

Mimi na mume wangu tumenunua karavani, kile kinyumba cha matairi mawili kinachovutwa nyuma ya gari. Ilitengenezwa Afrika Kusini. Aliyekuwa nayo alikuwa anaishi Masaki, mkataba wake wa kazi ukaisha, akatuuzia akaondoka zake. Gari letu ni Prado. Karavani ilikaa chini ya mwembe muda mrefu, juu imejaa majani na utomvu, lakini ndani jamani ni nzuri: vitanda, friji, jiko la gesi, tangi la maji, na choo ambacho chini yake kuna boksi la kuchomoa.

Likizo ya watoto tunataka kuanza na Kigamboni ufukweni, tujifunzie pale karibu na nyumbani. Mambo yakikubali, safari nyingine Mikumi. Tatizo letu ni kwamba kila tunachojifunza ni video za Wamarekani. Wao wanafika kambini wanakuta nguzo yenye soketi, bomba la maji na tundu la majitaka, wanaunganisha vyote vitatu, wanatandika viti. Wanaongelea ampea 30 na ampea 50. Mimi nikiangalia karavani yangu naona plagi moja ya bluu, kubwa, pini tatu za mviringo, haiingii kwenye soketi yoyote ya nyumbani kwangu. Fundi wa mtaani anasema tuikate, afunge plagi ya kawaida, kazi ya dakika kumi. Mume wangu ameshakubali. Mimi nimemwambia asubiri kwanza niulize.

Kwa hiyo: plagi ikatwe au isikatwe? Maji yanaingiaje? Choo kinamwagwa wapi? Na baba watoto anasema Prado inavuta chochote, tufunge tuondoke. Ni kweli hakuna cha kujua hapo?

Kijana wa Tegeta

Hela mnazo halafu mnataka kulala kwenye tela. Kigamboni kuna vyumba mama, vina na neti.

Fundi Mstaafu Kigamboni

Binti yangu, marahaba hata kabla hujaniamkia, umri unaniruhusu. Mimi ni fundi umeme, na huku kwetu wageni wanaopanda kutoka Cape Town na magari ya kulala, wakipata hitilafu ya umeme, wenye kambi huwa wananiita mimi.

Plagi isikatwe. Huyo fundi arudishe koleo mfukoni. Hiyo ya bluu ni ya ampea 16, imetengenezwa kukaa nje, ndiyo inayotumika kwenye kambi za Afrika Kusini na Ulaya. Na bahati yenu ni kwamba umeme wa Afrika Kusini ni sawa na wetu, volti 230, hezi 50, kwa hiyo vifaa vya ndani vitakula umeme wa TANESCO bila kulalamika. Za Marekani ziacheni kwa upande huu, kule soketi ya kawaida ni volti 120.

Mnachohitaji ni waya wa kuunganishia: mwisho mmoja soketi ya bluu ya kupokea plagi yenu, mwisho wa pili plagi yetu ya pini tatu za bapa. Nenda maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, waambie unataka soketi ya viwandani ya ampea 16, watakuelewa. Waya uwe wa mpira, nyuzi tatu, milimita 2.5. Atakayekwambia 1.5 inatosha anataka kumaliza stoo yake. Na ukishaununua, kila ukiutumia uukunjue WOTE, hata kama soketi iko hatua tano kutoka mlangoni. Waya uliozungushwa kwenye roli lake ukibeba mzigo mkubwa unapata joto na hauna pa kulitoa. Mmoja niliufungua huku Kigamboni, ganda lilikuwa limeyeyuka na kushikana kama tambi zilizolala kwenye sufuria.

Sasa, huku kambi nyingi hutakuta nguzo. Utapewa soketi ya ukutani, mara nyingi ile ya nyuma ya baa. Hiyo ni ampea 13, na mnagawana na mafriji ya bia. Birika la umeme la wati 2,000 peke yake linakula karibu ampea 9. Washa birika, washa kiyoyozi, friji nayo iko kwenye umeme, breka inaanguka na baa nzima inaingia giza Simba na Yanga wakiwa dakika ya 80. Hamtapendwa. Chai ichemsheni kwa gesi.

Lililo kubwa kuliko yote nililiacha nilieleze taratibu. Kabla hujachomeka, pima soketi. Simama uso kwa uso nayo: tundu la juu ni ethi, njia ya usalama ya kupeleka umeme uliovuja ardhini; la kulia ni moto, ndio unaoleta umeme; la kushoto ni nutro, ndiyo inayourudisha. Testa iwake kulia tu. Ikiwaka kushoto, aliyefunga alizigeuza nyaya. Na ubaya wake ni kwamba kila kitu kitafanya kazi kama kawaida, taa zitawaka, friji itapoa, hutajua. Ila swichi ya upande mmoja ukiizima inakata nutro, moto unabaki umekaa ndani ya kifaa unakusubiri.

Ethi nayo testa haikuonyeshi. Nunua kile kipimo cha kuchomeka chenye taa tatu, hakina bei ya kutisha. Karavani ni bati la alumini juu ya matairi ya mpira, na miguu yake ya pembeni mmeiwekea vibao. Umeme ukivujia kwenye bodi na ethi haipo, hauna pa kwenda. Unabaki pale pale kwenye bati mpaka mtoto atoke baharini, miguu imelowa, asimame kwenye mchanga na kushika kitasa cha mlango.

Ndiyo maana ndani, kwenye boksi la breka, kuna moja yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo inakata umeme ukivuja miliampea 30. Kila mkichomeka, bonyeza hicho kitufe. Breka ianguke. Isipoanguka, lala na tochi usiku huo, kesho yake nitafuteni.

Maji ni rahisi, sina maneno mengi. Tangi linajazwa kwa mpira au kwa dumu, pampu ya betri inasukuma. Visima vingi vya huku ufukweni vina chumvi, ya kunywa na ya chai mje nayo.

Choo: hilo boksi ni kaseti, linabeba lita kama 18 hivi. Mnalichomoa kwa nje, mnalibeba hadi choo cha kambi, mnamwaga polepole huku mmebonyeza kitufe cha hewa, vinginevyo linapiga chafya na litakuogesha. Dawa ya kuweka humo muulizeni kwanza mwenye kambi, zile zenye formalini zinaua bakteria wa shimo lake la septiki. Maji ya kuoshea vyombo yanatokea bomba la chini, wekeni ndoo.

Mtanga wa Houston

Naunga mkono fundi. Niko Texas, nimefanya kazi kwenye kambi za magari ya kulala, nimsaidie dada asizichukie hizo video bure.

Huku nguzo huwa na soketi za aina mbili tatu. Ile ya ampea 30 ni volti 120, yaani wati 3,600. Ya ampea 50 ina njia mbili za moto, jumla inafika wati 12,000, ndiyo maana wanawasha viyoyozi viwili na maikrowevu na hakuna anayestuka. Plagi yako ya bluu, ampea 16 kwa volti 230, ni karibu wati 3,700. Kwa hiyo wewe na Mmarekani wa ampea 30 mko sawa tu, namba zisikutishe.

Majitaka yao yanakaa kwenye matangi mawili chini ya gari, la choo na la maji ya kuogea. Wageni wa mambo haya wakifika wanaacha koki ya tangi la choo wazi siku nzima. Maji yanakimbia, vigumu vinabaki, vinajenga kichuguu ambacho hakitoki. Koki inafungwa mpaka tangi lifike kama theluthi mbili, ndipo linafunguliwa, halafu la maji ya kuogea linafuata kusafisha bomba. Wewe una kaseti, umeepukana na hayo yote. Shukuru.

Kitu kimoja cha kuiga huku: mpira wa kujazia maji ya kunywa ni wa peke yake, mweupe, haushiki kazi nyingine. Wa kuoshea gari na wa bustani usiuingize kwenye tangi.

Hiace ya Bunju

Nichomekee hapa kwa wengine watakaosoma. Kama gari lako la kulala limetoka Japani, HABARI NI NYINGINE. Kule ni volti 100. Soketi ya pembeni inaonekana ya kawaida tu, ukiiletea 230 unachoma chaja ya betri na kila kilichowashwa. Mimi natumia transfoma ya kushusha, nzito, inakaa chini ya kiti. Isomeni ile lebo kabla ya kitu chochote.

Mama Watatu wa Kinyerezi

Shikamoo mzee Fundi, na asanteni nyote. Plagi imepona. Nimemsomea mume wangu pale kwenye kitasa na mtoto, akanyamaza, akaenda kutafuta testa.

Friji inanichanganya: ina alama tatu, umeme, betri na moto. Na la kuvuta hakuna aliyenijibu.

Fundi Mstaafu Kigamboni

Friji: betri ni wakati gari linatembea tu, mkisimama mkasahau itanyonya betri mpaka ife. Umeme mkiwa mmechomeka. Gesi mkiwa porini, na hapo karavani lazima ikae sawa, ikiinama haipozi. Mikumi usitegemee soketi, jipange na gesi. Mpira wa gesi uliokaa miaka chini ya mwembe tupa, funga mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu. Na gesi ifungwe mtungini kabla gari halijaondoka.

La kuvuta wapo wenyewe.

Chuma cha Tunduma

Wenyewe ndio sisi. Nimevuta tela njia ya Tunduma miaka mingi, kwa hiyo mwambie shemeji kwa heshima zote: Prado kuvuta si tatizo. Tatizo ni tela kumvuta yeye.

Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, pua, yaani mbele ya tela pale linapofungwa na gari, inakuwa nyepesi. Mkifika mwendo wa 80 basi likiwapita kwa kasi, upepo wake unalisukuma tela, linaanza kupiga mkia kushoto kulia, kila pigo kubwa kuliko la kwanza. Hapo ukikanyaga breki kwa hofu umekwisha. Unaachia mafuta taratibu, usukani unyooke, unaliacha lipoe lenyewe.

Dawa yake mnaifanya nyumbani. Uzito unaokaa kwenye kichwa cha kuvutia uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa karavani iliyopakiwa, na usizidi kilichoandikwa kwenye kichwa chenyewe. Wamarekani wanataka 10 hadi 15, matela yao yameundwa vingine, msiwafuate. Mizani? Wale vijana wanaopima watu uzito barabarani Posta. Muite mmoja, mpe hela yake ya siku, weka mizani chini ya pua na kipande cha mti juu yake. Atacheka lakini atakuja.

Tairi: msitazame kashata tu, yale meno ya juu ya tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho, 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. Tairi la tela huzeeka kabla halijaisha. La chini ya mwembe silihitaji hata kuliona, badilisheni, na mafundi wafungue beringi wapake grisi mpya. Safari ya Mikumi, mkifika Kibaha simameni, kazeni nati, wekeni kiganja karibu na kitovu cha gurudumu. Kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi au breki inashika, msiendelee.

Wakati wa kufungua: jiwe chini ya tairi kwanza, breki ya mkono ya tela pili, ndipo mnaachanisha na gari. Na ile miguu minne ya pembeni ni ya kutuliza tu, si jeki, msiinulie tela.

Kwenda Kigamboni piteni Daraja la Nyerere mlipie. Pantoni acheni. Maji yakiwa yamekupwa ule mteremko wa kupandia unakuwa mkali, gari linapanda na tela linakwangua kitako kwenye zege mbele ya watu wote wa Magogoni.

Kijana wa Tegeta

Mpaka hapa nimeshaona hoteli ni nafuu. Ila endeleeni, nimekaa nasoma.

Mama Watatu wa Kinyerezi

Kaka Chuma, kijana wa mizani amekuja, mtaa mzima umetoka kuangalia. Kibao cha pembeni kinasema karavani tupu ni kilo 850. Mizigo yetu tumeipima kipande kwa kipande, imefika 150 pamoja na maji. Puani mizani imesema 48. Kichwa cha kuvutia kimeandikwa mwisho 100.

Chuma cha Tunduma

Jumla 1,000, inatakiwa 50 hadi 70. Mko chini kidogo tu. Tangi la maji liko wapi?

Mama Watatu wa Kinyerezi

Nyuma, chini ya kitanda cha watoto. Limejaa, lita 50.

Chuma cha Tunduma

Limwage. Maji yaende kwenye madumu ndani ya Prado, mtajaza mkifika. Hema na meza viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Halafu mwite tena yule kijana, ikisoma 60 na kitu niambie.

Mama Watatu wa Kinyerezi

63. Anaomba hela ya soda juu.