Naomba ushauri: kubadili vikombe kuwa gramu kwenye mapishi ya keki

Habari zenu wapishi wenzangu. Naoka keki za oda nyumbani, na mapishi yangu karibu yote yameandikwa kwa vikombe. Nataka kuyahamishia kwenye gramu, maana unga nanunua kwa kilo, na bila uzito siwezi kupiga hesabu ya gharama ya keki moja.

Sukari nyeupe hainisumbui, kikombe ni gramu 200 hivi. Siagi 227. Shida ni unga wa ngano. Ukiujaza kwa kijiko taratibu, ukasawazisha juu kwa kisu, kikombe kinakuja gramu 120 hadi 125. Ukizamisha kikombe kwenye mfuko, mizani inasoma 140 na zaidi. Kwa vikombe vitatu hiyo ni ziada ya gramu 60 hivi, na keki inatoka kavu. Tena kikombe cha Marekani ni kama mililita 240, wakati kuna seti zinazouzwa za mililita 250!

Nyie mnashika gramu ngapi kwa kikombe cha unga? Na mnachekecha kabla ya kupima au baada?

Jingine: nazi mbichi iliyokunwa, na mchele uliolowekwa ukachujwa maji kwa ajili ya mkate wa kumimina. Hivi sivioni kabisa kwenye majedwali ya vipimo. Aliyewahi kuviweka kwenye mizani naomba anitajie gramu zake, na kikombe chake ni cha mililita ngapi.