Fundi wetu wa turbo, mnamjua wote: eti "labda mlima umeongezeka"!

Mzee wa Trela (mwanzisha uzi):

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka gereji sasa hivi, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Yule fundi wa turbo. Simtaji, mnamjua. Yule ambaye ovaroli lake halijawahi kupata doa. Fundi wa dizeli, ovaroli jeupe pee! Hapo hapo ningeshtuka.

"Labda mlima umeongezeka."

Kanijibu hivyo mbele ya wateja, huku anatafuna mihogo.

Gari ni Land Cruiser mkonga, pikapu, injini 1HZ. Ilikuwa na turbo ndogo niliyoikuta nayo (kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa eksozi kusukumia injini hewa), inavuta trela langu la jenereta na spika za harusi bila kinyongo. Ni yeye aliyeniita: "Bosi, hii ya kitoto, ngoja nikupe ya kiume." Akafungua ndogo, akanifungia dude sijui kalitoa kwenye lori gani, mdomo wake unapitisha kichwa cha mwanafunzi wa darasa la pili. Nikauliza, pampu ya dizeli itamudu? "Tulia bosi, hapa utavuta treni."

Basi napeleka muziki Mafinga. Mpaka Ruaha Mbuyuni raha tupu, kule tambarare hata punda anavuta. Naanza mlima Kitonga: gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. YA KWANZA, ndugu zangu. Turbo kimya. Lile dude linaanza kupuliza mizunguko ya injini ikipita 2,500 kwa dakika, na kwa kona zile, na trela nyuma, nani anafika 2,500? Nikikanyaga unatoka moshi mweusi hadi nyani wanahama kambi. Lori la saruji likanipita. Utingo akatoa kichwa dirishani akanipa pole! Bodaboda ya magunia ya vitunguu ikanipita, akasimama mbele kunisubiri, nadhani alijua nitahitaji msaada.

Nimefika ukumbini keki imeshaliwa, MC anaongea kwa mdomo mtupu, sauti imekauka.

Leo nampelekea gari. Anafungua boneti, anashika shafti ya turbo kwa vidole viwili, anaitikisa, haichezi. Anajifuta kidole (kidole kimoja tu, wakuu). Ndipo anasema: "Turbo nzima hii bosi. Labda mlima umeongezeka."

Umeongezeka na nini? Nani kaumwagia mbolea?

Nyani wa Kitonga:
Sisi wenyeji tulikuona mkuu. Mlima hatujauongeza.

Kausha Koo:
Siti ya mbele. Nani ana karanga?

Dizeli Nzito:
Pole mkuu. Tatizo halimo mlimani. 1HZ tangu 1990 haijatoka kiwandani na turbo hata siku moja. Mgandamizo wake, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni mkubwa, 22.4 kwa 1, na dizeli inaanza kuwaka kwenye chemba ndogo ndani ya silinda hedi. Ndugu yake 1HD-T, yenye turbo ya kiwandani, waliishusha hadi 18.6 na dizeli inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Kwa hiyo 1HZ ukiifungia, funga kwa adabu: turbo ndogo inayoamka mapema, upepo psi 7 au 8 basi, na geji ya joto la eksozi. Dude la lori linataka moshi mwingi wa eksozi ndio lizunguke, na wewe ukiwa na mzigo huku chini kwenye mizunguko 1,800 huna. Halafu huo moshi mweusi ni pampu imefunguliwa, dizeli nyingi, hewa hakuna. Endelea hivyo na mzigo, hedi itapasuka pale pale kwenye chemba.

Mzee wa Trela:
Asante kwa darasa mkuu, lakini umesoma alichonijibu? MLIMA. UMEONGEZEKA.

Kausha Koo:
Mtu aliyesubiriwa na bodaboda ya vitunguu naomba apewe heshima yake humu.

Shangazi wa Noah:
Huyo huyo wa ovaroli jeupe? Kanitolea thamostati kwenye Noah yangu. "Shangazi, nchi yetu ya joto, hiki ni kidude cha Wazungu." Sasa asubuhi injini inachukua karne kupata moto na mafuta inakunywa. Nikarudi kulalamika, akasema naendesha na mawazo.

Kitaa Moja:
Mimi langu halina thamostati tangu nilinunue na halijawahi kuchemsha.

Dizeli Nzito:
Halijachemsha kwa sababu halijawahi kuvuka Kibaha. Thamostati inaifikisha injini kwenye joto la kazi na kuishikilia hapo. Ukiitoa, inafanya kazi ikiwa baridi, mafuta yanaliwa na oili inachafuka mapema.

Mzee wa Trela:
Wakuu tusitoke nje ya mada. MLIMA.

Fundi Umeme Feki:
Afadhali nyie. Mimi kanipiga waya za trela, nikiwasha indiketa ya kushoto inalia honi. Trafiki kanisimamisha, nikawasha indiketa nipaki, akaniuliza unampigia nani honi.

Kausha Koo:
Hahaha, faini shilingi ngapi?

Fundi Umeme Feki:
Alicheka mpaka akasahau kuandika.

Mgeni wa Juzi:
Samahani, mwanzisha uzi, ile turbo ndogo uliipeleka wapi?

Mzee wa Trela:
Alisema imekufa, kaitupa.

Mgeni wa Juzi:
Aah. Mimi kaniuzia moja ndogo. Inavuta vizuri mno, mlima Sekenke napanda na gia ya nne. Ina mkwaruzo wa spana karibu na bomba la oili?

Mzee wa Trela:
UPO WAPI SASA HIVI?

Kausha Koo:
Mgeni wa Juzi kazima simu.

Kitaa Moja:
Turudi kwenye thamostati. Dizeli Nzito unanitisha bure, babu yangu aliendesha lori bila thamostati hadi kustaafu.

Shangazi wa Noah:
Babu yako alikuwa ananunua mafuta kwa bei ya leo?

Dizeli Nzito:
Shangazi, nunua mpya na gasketi yake, isifungwe na yeye.

Fundi Umeme Feki:
Shangazi hiyo Noah unauza?

Shangazi wa Noah:
Siuzi.

Fundi Umeme Feki:
Nauliza tu. Haina thamostati, utapunguza.