Klasta za vyuo vya umma: tujijengee kwa programu huria au tununue zilizo tayari?

Kijana wa Sinza
Wadau, jana tumebishana kwa mama lishe pale Mwenge mpaka ugali ukapoa, nikaona nilete hapa. Chuo cha umma kikipata fedha za klasta, yaani seva nyingi zinazounganishwa zifanye hesabu moja kubwa, kinunue mfumo wa leseni wenye mkataba wa matengenezo? Au kichukue vya bure: Rocky Linux kama mfumo endeshi, Warewulf ya kuwasha nodi (yaani seva moja moja za klasta) kupitia mtandao, na Slurm ya kupanga foleni ya kazi?

Mimi ni wa vya bure. Mashine zote 500 za orodha ya TOP500, ile ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani, zinatumia Linux tangu Novemba 2017. Na jambo lenyewe lilianza kwa kubana matumizi: mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA waliunganisha kompyuta 16 zenye chipu ya 486, za kawaida kabisa, wakaziita Beowulf. Leo kuna OpenHPC inayokupa vifurushi vya programu huria za klasta vilivyokwisha kujaribiwa pamoja. Kodi zetu ziende kwenye leseni ya dola kila mwaka kwa lipi?

Mzee wa Seva
Kijana, hiyo bure nimeila ikanikwama kooni. Chuo nilichokuwepo, sikitaji, tulijenga nodi 12 kwa Rocks, programu huria ya kujengea klasta. Miaka miwili raha mustarehe. Aliyeijenga akapata nafasi ya kusoma nje, akaondoka na nenosiri la root, yaani la msimamizi mkuu wa mfumo, kichwani. Februari kiyoyozi kikafa. Unajua joto la Februari hapa Dar. Nikafungua mlango asubuhi, UPS inalia piii piii, nodi sita zinasomeka "down", na mimi nimeshika feni ya mezani kama mganga na usinga. Hatukuweza hata kuhamia toleo jipya, maana Rocks 7 imesimama juu ya CentOS 7, aina mojawapo ya Linux, na CentOS 7 ilifikia mwisho wake Juni 2024. Sasa juu ya zile nodi yamepangwa maboksi ya karatasi za mitihani.

Ningekuwa na mkataba, ningepiga simu.

Dada wa Kigamboni
Shikamoo mzee. Pole, lakini ugonjwa ulioueleza si wa programu. Nimefanya kazi sehemu yenye mfumo wa kulipia. Leseni ikaisha katikati ya mwaka wa fedha, foleni ikagoma kupokea kazi, na ombi la malipo likazunguka ofisi kwa ofisi miezi minne. Simu tulipiga. Tukaambiwa lipeni kwanza. Nilikuwa naendesha WRF, modeli ya hali ya hewa, nikaishia kuiendesha kwenye laptop usiku kucha, nimeiwekea vitabu chini ipumue.

Na tusisahau kwamba msaada wa Slurm unaweza kuulipia bila kununua leseni. Kinachotuua ni ajira. Nafasi ikitangazwa inaitwa Afisa TEHAMA, na huyo huyo anabadilisha wino wa printa, anatengeneza projekta ya ukumbi, kisha jioni ndiyo aguse klasta. Fedha ya leseni muajiri watu wawili. Wawili, si mmoja, ili mmoja akienda kusoma nenosiri libaki.

Bwana Wingu
Mnahangaika bure. Kodini seva za wingu, za kampuni, mnazitumia kupitia intaneti, kazi ikiisha mnazima.

Dada wa Kigamboni
Kaka, anayesahau kuzima ni mwanafunzi, bili ya dola ni ya idara. Kwa kazi ya wiki moja sawa, kodi. Kwa kazi ya kila siku, na data za kupandisha kwa intaneti yetu hii, hapana.

Mzee wa Seva
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye watu wawili umenibana. Ila mwajiri atakuuliza mashine inazalisha nini kabla hajakupa hata mmoja, na mashine haizalishi mpaka awepo mtu. Hilo bado sijaona aliyelijibu.

Kijana wa Sinza
Mzee, zile nodi za chini ya maboksi bado zina RAM? Jumamosi naweza kuja na Rocky kwenye flashi, tuwashe hata nne, wapate cha kuonyesha.

Mzee wa Seva
RAM zipo. Njoo na kiyoyozi.